Ajabu ya Kutazamwa na Ajabu ya Kushikwa

Sultani Barghash bin Said alipolisimamisha Beit al-Ajaib mwaka 1883, likielekea bahari pale Forodhani, jengo hilo halikupata jina la enzi wala la nasaba. Lilipata jina la mshangao. Nguzo zake za chuma, veranda zake zinazolizunguka orofa kwa orofa na kimo chake kilichoyapita majengo yote ya mji vilitosha kumsimamisha mpita njia. Lakini kilicholithibitishia jina lake ni taa za umeme, na baadaye lifti, vitu ambavyo macho ya watu wa mjini yalikuwa hayajavizoea. Kwa maana hiyo, zaidi ya karne moja kabla ya kufanywa makumbusho, Beit al-Ajaib lilikuwa limekwisha kuwa maonyesho ya sayansi. Ila yalikuwa maonyesho ya namna yake. Raia alisimama nje usiku, akaitazama taa ikiwaka pasi na mafuta wala utambi, akamtukuza Mola wake, akenda zake kwao. Hakuulizwa swali, wala hakupewa jawabu. Barghash alikuwa amezuru Uingereza mwaka 1875 na alikuwa mtu wa kupenda mitambo. Ndiye aliyeuletea mji maji ya mfereji, na ndiye aliyeleta mtambo wa kupigia chapa. Raia walipata manufaa ya vitu hivyo, naye akapata heshima ya kuwa navyo. Namna vinavyofanya kazi haikuwa habari ya raia. Ajabu ile ilikuwa ya kutazamwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mhandisi kijana wa Kijerumani, Oskar von Miller, alifanya ajabu yake mjini Munich. Katika maonyesho ya umeme ya mwaka 1882, umeme uliozalishwa Miesbach ulisafirishwa kwa waya kiasi cha kilomita 57 hadi ukumbi wa maonyesho, na huko ukaendesha pampu iliyofanya maporomoko ya maji ndani ya nyumba. Nayo ilikuwa ajabu ya kutazamwa, sawasawa na taa za Forodhani. Tofauti ilikuja baadaye. Mwaka 1903 mtu huyo aliasisi makumbusho ya sayansi na ufundi, na tarehe 7 Mei 1925, siku aliyotimiza miaka 70, makumbusho hayo, Deutsches Museum, yalifunguliwa katika jengo lake jipya juu ya kisiwa kilichomo ndani ya mto Isar. Humo mashine zilipasuliwa ubavu ili matumbo yake yaonekane, na mgeni aliwekewa vifungo vya kubonyeza na mikono ya kuzungusha. Aliyetaka kujua pistoni inavyokwenda aliizungusha mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1925, mwezi Novemba, kisiwa kingine kilipata makumbusho. Beit el Amani, jengo la kuba lililobuniwa na J. H. Sinclair, lilifunguliwa Unguja kuwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Ni jengo zuri. Wapenda usanifu wana haki ya kulisifu. Lakini ukilisoma kama asomavyo mhakiki utungo, utaona kwamba maana yake imefungwa tangu mlangoni. Vitu vimewekwa ndani ya vioo, kila kimoja na kadi yake, na kila kadi inamaliza habari. Neno lenyewe la makumbusho lina ila hii ndani yake, kwa kuwa huwezi kumkumbusha mtu jambo asilolijua. Mkulima wa Makunduchi au mvuvi wa Nungwi aliyeingia pale alitarajiwa akumbuke habari ambazo hakupata kuambiwa.

Miongoni mwa vitu vilivyokuwa vikisifiwa sana katika hazina za makumbusho ya Unguja ni sanduku la dawa linalonasibishwa na David Livingstone. Kadi za sanduku la namna hiyo, popote ulimwenguni, husema kitu hiki kilikuwa cha fulani, na mgeni hutikisa kichwa akapita. Ilhali ndani ya sanduku la dawa la msafiri wa karne ya kumi na tisa mna kisa chenye thamani kuliko jina la mwenyewe. Livingstone alichanganya kwinini, itokanayo na magome ya mti wa Amerika ya Kusini, pamoja na dawa za kuendesha tumbo, akavifanya vidonge vya kutibu homa. Vidonge vilifaa. Lakini wasafiri wa zama hizo waliamini kuwa homa inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa, na haikuwa mpaka mwaka 1897 Ronald Ross alipomwona mdudu wa malaria tumboni mwa mbu. Basi hapa pana dawa iliyokuwa sahihi na maelezo yaliyokuwa ya makosa, nayo dawa ikaponya vilevile. Januari 1867 Livingstone aliibiwa sanduku lake la dawa safarini, na yeye mwenyewe alilihesabu jambo hilo kuwa ni sawa na kuhukumiwa kifo. Mtoto wa skuli akiyajua haya mbele ya lile sanduku, atakuwa na la kuuliza: kitu kinaweza vipi kuponya wakati anayekitoa hajui kinaponya kwa nini? Swali hilo ndiyo sayansi. Jina la Livingstone ni pambo lake tu.

Fasihi ya pwani inayo kipimo cha kupimia makumbusho, nacho ni kitendawili. Mtegaji anasema, mwenziwe anaitikia tega. Fumbo linawekwa mbele ya watu wote. Msikilizaji anajaribu, anakosea, anajaribu tena. Na akishindwa sharti atoe mji kwanza ndipo aambiwe jawabu. Wazee waliopanga mchezo huu walijua jambo ambalo wasimamizi wengi wa makumbusho walichelewa kulijua: jawabu lililotolewa kabla ya swali halina ladha, na jawabu lisilogharimu kitu halikai kichwani. Makumbusho ya kadi na vioo hutoa jawabu la kitendawili kisichotegwa. Kwa upande wa pili kuna vituo vya sayansi vya siku hizi, vyenye taa nyingi, kelele nyingi na vifungo vingi, ambamo mtoto hubonyeza, hukimbia, hubonyeza kingine, na jioni hurudi nyumbani amechoka. Humo kitendawili kinategwa kutwa nzima, na hakuna anayengoja jawabu wala anayedai mji.

Mtu aliyekaribia kuupata uwiano baina ya pande hizi mbili ni Frank Oppenheimer, mwanafizikia wa Kimarekani. Mwaka 1949 alipoteza kazi yake ya chuo kikuu kwa sababu ya siasa, baada ya kukiri mbele ya kamati ya Bunge kuwa aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Akenda kufuga ng'ombe Colorado, kisha akasomesha sayansi katika skuli ya sekondari ya mji mdogo. Wanafunzi wake hawakuwa na maabara. Walifundishwa kwa vitu walivyookota. Katikati ya miaka ya 1960 alizunguka Ulaya akitazama makumbusho, likiwamo lile la Munich, na mwaka 1969 akafungua Exploratorium mjini San Francisco, ndani ya jumba kuukuu lililokuwa tupu.

Mawili aliyoyafanya humo yanastahiki kukumbukwa na kila mwenye kupanga kituo cha sayansi. La kwanza, karakana aliiweka peupe. Mgeni alipoingia aliwaona mafundi wakikata, wakichomelea, wakitengeneza kilichoharibika jana. Kuharibika kwa kifaa kukawa sehemu ya somo badala ya kuwa aibu ya kufichwa nyuma ya pazia. La pili ni vitabu. Kuanzia miaka ya 1970 Exploratorium ilichapa maelezo ya kutengeneza vifaa vyake, kwa namna ya vitabu vya mapishi, yakieleza vipimo, malighafi, na makosa yaliyofanywa njiani. Aliyetaka kuiga aliruhusiwa kuiga. Ndiyo maana leo mtu anaweza kuingia katika kituo cha sayansi cha nchi yoyote akakutana na kifaa alichokwisha kukiona kwengine.

Lakini hapo pana walakini. Mapishi yakisafiri bila ya jiko lake, chakula hubadilika. Kifaa kilichobuniwa kwa watoto wa San Francisco, wenye ukungu na milima, kikiletwa mahali penye kusi na kaskazi huwa kigeni mara mbili: kigeni kwa umbo na kigeni kwa swali. Mtoto wa Pemba haulizi kwa nini theluji haiyeyuki kileleni. Anauliza kwa nini mwezi ukiwa mpevu maji hukupwa mpaka ngalawa zikalala ubavu mchangani. Vituo vingi vya Afrika vilivyofunguliwa katika miongo mitatu iliyopita vilianza kwa vifaa vya kununua au vya msaada, na vifaa vya msaada vina maradhi yanayojulikana na kila aliyewahi kufanya kazi serikalini: siku ya kukabidhiwa kuna hotuba, na siku ya kuharibika hakuna kipuri. Mwaka wa tatu kifaa kinawekewa karatasi ya kuomba radhi. Mwaka wa tano karatasi nayo imechakaa. Mjini Tanga, ambako kumeanzishwa STEM Park ili watoto waijue sayansi kwa kuichezea, hatima ya jambo hili itaamuliwa na fundi wa seremala na fundi wa umeme wa mjini hapo kuliko itakavyoamuliwa na mfadhili yeyote.

Hata penye fedha nyingi mambo si mepesi. Mwaka 2013 Exploratorium ilihamia kwenye gati za bandari ya San Francisco, katika makao mapya yaliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola, na kabla mwaka haujesha ikawa inapunguza wafanyakazi kwa wingi, kwa kuwa mapato hayakufika pale palipotarajiwa. Jumba kuukuu lililovuja lilimvumilia Oppenheimer kwa miaka mingi. Jipya likadai malipo yake mara moja.

Na yapo mapaa. Ontario Science Centre ya Toronto ilifunguliwa mwaka 1969, mwaka mmoja na Exploratorium, katika majengo ya Raymond Moriyama yaliyoteremka na bonde kana kwamba yamemea humo. Vizazi vya watoto wa Kanada viliguswa nywele na umeme tuli pale. Tarehe 21 Juni 2024 kilifungwa ghafla, siku moja tu, kwa hoja ya ripoti ya wahandisi kwamba sehemu za paa lake, zilizojengwa kwa aina ya zege jepesi lenye mapovu ya hewa, hazikuwa za kuaminika tena chini ya uzito wa theluji. Serikali ya jimbo ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka mmoja nyuma kuwa itakihamishia kituo hicho ufukweni, kwa hiyo wengi waliuliza kama paa lile halikuwa la kutengenezeka. Ugomvi huo ni wao. Kinachowahusu wasomaji wa visiwani ni kwamba nyumba iliyofundisha watu nguvu, uzito na ustahimilivu wa vitu ilikuja kushindwa kwa somo hilohilo, juu ya kichwa chake.

Wasomaji hao hawahitaji mfano wa Toronto. Beit al-Ajaib lilistahimili mizinga ya manowari za Kiingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia na kuyageuza majumba jirani vifusi. Mwaka 2012 sehemu kubwa ya veranda yake ilianguka, na jengo likafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya ukarabati kwa msaada wa Oman ikiwa inaendelea, upande wa mbele pamoja na mnara uliporomoka, na watu wawili wakafa. Methali ya ufa na ukuta imesemwa mno hata masikio yameacha kuisikia. Siku ile ilisikika mji mzima.

Kuna jambo gumu la kusemwa hapa, nalo halisemwi kwa kuwadharau waliokufa. Mawe ya matumbawe na chokaa yana sayansi yake. Chokaa ya pwani huchomwa kwa kuni juu ya tanuri la mawe, hutiwa maji, huachwa itulie, na ukuta wake hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukuta huo ukipigwa lipu ya saruji unafungwa pumzi, unyevu unabaki ndani, chumvi inafanya kazi yake, na boriti au chuma kilichomo kinaoza bila ya kuonekana. Mafundi wa Mji Mkongwe, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, wanalijua jambo hili. Hata hivyo, katika makumbusho yote yaliyopata kuwamo ndani ya kuta hizo, ukuta haukupata kuwa onyesho. Palionyeshwa viti vya kifalme, vyombo vya udongo, picha za masultani. Chokaa iliyovishikilia vyote hivyo haikupewa hata kadi. Kama kungekuwa na kipande cha ukuta kimoja kilichopasuliwa ubavu, kwa mtindo wa Munich, nusu kimepigwa chokaa na nusu saruji, mgeni akaruhusiwa kukigusa asikie upi una unyevu, makumbusho yangekuwa yamefundisha sayansi ya lazima kuliko zote kwa watu wanaoishi ndani ya kuta za namna hiyo.

Suala la lugha linastahiki uhakiki mkali zaidi, kwa kuwa ndilo lililo mikononi mwa watu wa kalamu. Kadi ya makumbusho ni utungo mfupi. Ina mipaka kama ubeti, ina haja ya kituo, na inasomwa na mtu aliyesimama, mwenye mtoto mkononi na basi linalomngoja. Mshairi aliyezoea kutia maana nzima ndani ya mizani kumi na sita angeiandika vyema. Badala yake, kadi nyingi huandikwa kwa Kiingereza kwanza, kisha zikatiwa Kiswahili chini yake kwa herufi ndogo, Kiswahili cha tafsiri, chenye maneno yasiyosemwa na mtu. Wala si kweli kwamba lugha imekosa istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Kilichokosekana ni mahali ambapo istilahi hizo zingekutana na vitu vyake, na watu wakazitumia kwa midomo yao. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na hapo pakazidi kuwa na haja ya makumbusho kuwa mahali ambapo mtoto anaweza kufikiri kwa lugha anayootea ndoto. Mtoto anayelijua bamvua kwa miguu yake akiambiwa alijibie swali kwa maneno ya kigeni hunyamaza. Na mwalimu huandika kuwa hajui.

Chukua mtepe. Kadi ya desturi ingesema: mtepe ni chombo cha kale cha Waswahili, kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila ya misumari, na tanga lake ni la mkeka. Kila neno ni la kweli na hakuna swali hata moja. Kadi nyengine ingeweza kusema: tia kidole baina ya ubao na ubao, utafute msumari, hutauona, sasa fikiri chombo hiki kimepanda mwamba, kisha ufikiri cha misumari kimepanda mwamba uleule, kipi kitapasuka na kipi kitapinda? Maneno ni machache vilevile. Lakini ya pili imetega, na msomaji ataitika hata kama yuko peke yake.

Hata hivyo mfano wa mtepe unaipinga hoja ya kushikashika, na ni haki upingaji huo usikike. Mitepe ya kweli ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Mwaka 2003 mmoja ulijengwa upya Unguja, ukaitwa Shungwaya, ukakaa katika ukumbi wa Beit al-Ajaib, watu wakauona kwa ukubwa wake. Ujenzi huo usingewezekana kama pasingekuwa na mifano midogo ya mitepe iliyohifadhiwa na maandishi ya waliouona ungali ukisafiri. Mifano hiyo ilisalia kwa sababu iliwekwa ndani ya kioo na mtu akakatazwa kuigusa. Laiti ingewekewa kadi ya kumwambia kila mtoto atie kidole, ingekuwa makumbi na vibanzi kabla ya mwaka 2003 kufika. Kioo kinacholaumiwa ndicho kilichoulinda mshono. Basi nyumba njema ya elimu inahitaji vitu viwili kwa kila kimoja: cha asili cha kulindwa, na nakala ya kuharibiwa. Nakala ishonwe hapohapo na fundi aliye hai, ikichakaa ishonwe tena, na kijana amshikie kamba. Hilo ndilo wazo la karakana ya Oppenheimer, isipokuwa kwamba hapa karakana haifundishi fizikia peke yake. Inamzuia fundi asife na ujuzi wake.

Katika miaka ya karibuni makumbusho ya Ulaya yamepata wazo jengine, la kufungua ghala. Rotterdam ilifungua ghala la makumbusho ya Boijmans Van Beuningen kwa umma mwaka 2021, na London ikafungua lile la V&A East mwaka 2025, ambamo mtu anaweza kuomba kitu fulani kitolewe akitazame kwa karibu. Ni wazo zuri, na linaeleweka kwa makumbusho yenye vitu mamia ya maelfu yasiyo na pa kuviweka. Visiwani shida ni ya namna nyengine. Vitu vilivyobaki si vingi hivyo, na wanaojua habari zake wanapungua kila mwaka. Ghala linalostahiki kufunguliwa upesi ni vichwa vya manahodha wazee.

Juu ya bahari, makumbusho ya Liverpool yana la kufundisha. Huko zimehifadhiwa mashine za shaba za kubashiri kupwa na kujaa kwa maji, ukoo wa mashine aliyoibuni William Thomson mwaka 1872. Magurudumu makubwa na madogo, kila moja likiwa ni mwendo mmoja wa mwezi au jua, huvuta uzi mmoja, na kalamu iliyo mwisho wa uzi huchora maji ya mwaka ujao. Kabla ya kompyuta, majedwali ya bandari nyingi za dunia yalitolewa kwa mashine za namna hiyo. Anayeizungusha mashine ile anaona kwa macho yake jambo ambalo nahodha wa kusini mwa Unguja alilibeba kichwani pasi na shaba: kwamba bahari ni hesabu iliyojumlishwa.

Onyesho la namna hiyo lingekuwa na nyumba yake halisi pale Forodhani. Linahitaji birika refu la maji, mwezi na jua vya mbao juu ya mikono ya kuzungusha, pampu ndogo, na fundi wa kuitengeneza pampu. Mandhari yapo tayari, ng'ambo ya barabara. Zinapofika siku za bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, na tofauti ya maji makavu na maji makuu hukaribia mita nne. Vijana wa mjini huzijua siku hizo bila ya kalenda. Huja wakajipanga juu ya ukuta, wakajirusha mmoja baada ya mmoja huku wageni wakipiga picha. Wanajua pia kuwa kesho watachelewa kuruka, kwa kuwa maji yatachelewa kiasi cha dakika 50. Kwa nini 50, hapana aliyewauliza. Wangevuka barabara wakiwa bado wanachuruzika maji, na kadi ya kwanza wanayoikuta mlangoni ingekuwa na swali hilo moja, kwa Kiswahili, na chini yake mkono wa mbao wa kuuzungusha mwezi.